Vidonda vya tumbo na saratani: maumivu si kipimo

Kwenye stendi na minada ya Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu, hakosi muuza dawa mwenye kipaza sauti. Chupa zimepangwa mezani, nyuma yake limetundikwa bango la tumbo lililooza, na maneno ni yale yale: vidonda vya tumbo usipovitibu vinageuka kansa. Watu wanasogea, wananunua, wanaondoka na chupa moja na hofu mbili.

Jamaa hasemi uongo mtupu. Njia inayoanzia kwenye mchochota sugu wa tumbo na kuishia kwenye saratani ipo, na wataalamu wameifuatilia kwa karibu nusu karne. Alichovuruga ni nani anayeipita njia hiyo, anakwenda kwa mwendo gani, na utajuaje amefika wapi. Yeye anahesabu kwa maumivu: kadiri tumbo linavyowaka ndivyo kansa inavyokaribia. Kwa wagonjwa wengi mambo yako karibu kinyume cha hapo.

Tuanze na tumbo lenyewe, kwa maana ya mfuko wa chakula. Kwa ndani umetandikwa utando laini wenye tezi ndogo ndogo. Nyingine hutoa ute wa kujikinga, nyingine asidi kali. Utando ukishambuliwa huvimba na kuwa mwekundu, na chembe za kinga ya mwili hujazana ndani yake. Huo ndio mchochota, ambao hospitalini huandikwa gastritisi. Ukiletwa na pombe kali ya jana usiku, au na diklofenaki ulizomeza kwa ajili ya mgongo, mara nyingi hutulia ukiacha kilichouleta. Unaotuhusu hapa ni ule sugu, unaokaa miaka na miaka, na chanzo chake kikubwa duniani ni bakteria mmoja, Helicobacter pylori, yule anayeandikwa H. pylori kwenye majibu ya maabara. Wengi humpata utotoni, humo humo nyumbani, kutoka kwa wazazi au ndugu, na asipotibiwa hukaa naye maisha yote. Inakadiriwa kwamba barani Afrika watu 7 kati ya 10 wanaye.

Mwenye kiungulia, mwenye gesi, mwenye mchochota na mwenye kidonda halisi, kwetu wote husema wana vidonda. Sokoni hilo halina neno. Ila kwa suala la saratani hawa wanne hawako kundi moja hata kidogo, na mmoja wao anaweza kuwa na hatari ndogo kuliko jirani yake asiyeumwa chochote.

Njia na vituo vyake

Aliyeichora njia hii kwa makini zaidi ni Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia kutoka Kolombia, ambaye alianza kuieleza na wenzake mwaka 1975. Kwanza huja mchochota wa kawaida. Ukidumu, kwa baadhi ya watu tezi huanza kufa na utando kunyauka, ukabaki mwembamba. Kinachofuata ni cha ajabu: pale palipokuwa na seli za mfuko wa chakula huota seli za aina ya utumbo. Hali hiyo huitwa metaplasia ya utumbo. Baadaye seli hizo zinaweza kuvurugika maumbile na mpangilio, hatua iitwayo displasia, na mwisho kabisa ndiyo saratani. Safari nzima huchukua miongo, na kupanda garimoshi Kigoma si kufika Dar: wengi hushuka Uvinza, wengine Kaliua, wengine Tabora, na wanaofika mwisho ni wachache.

Wachache kiasi gani? Uholanzi walifuatilia zaidi ya wagonjwa 92,000 waliogunduliwa na mabadiliko haya kati ya 1991 na 2004. Katika miaka 5 ya kwanza, kila mwaka, aliyepata saratani ya tumbo alikuwa mmoja kati ya 1,000 wenye utando ulionyauka. Kwa wenye metaplasia alikuwa mmoja kati ya 400 hivi. Kwa displasia ndogo au ya wastani walikuwa 6 kati ya 1,000. Halafu namba inaruka: kwa displasia kali, 6 kati ya 100, kila mwaka.

Uswidi wao walitazama muda mrefu zaidi, kwa watu zaidi ya 405,000 waliowahi kukatwa kinyama tumboni, yaani kipande kidogo cha utando cha kupima maabara, kwa sababu zisizo za saratani. Katika miaka 20, ambao utando wao ulikuwa mzima walitoa mgonjwa mmoja wa saratani kwa kila watu 256. Wenye mchochota walitoa mmoja kwa kila 85, wenye mnyauko mmoja kwa 50, wenye metaplasia mmoja kwa 39, na wenye displasia mmoja kwa 19.

Namba hizi zisomwe kwa macho mawili. Mwenye mchochota ana hatari mara tatu ya mwenye utando mzima, hilo si dogo. Lakini pia watu 84 kati ya 85 wenye mchochota walimaliza miaka 20 bila saratani ya tumbo, na hilo muuza chupa hatakuambia. Halafu hawa ni Waswidi na Waholanzi, wenye vyakula vyao na bakteria wao. Mpangilio wa hatua ni ule ule, lakini namba zenyewe nisingezihamishia Kigoma zilivyo.

Sasa angalia kinachotokea kwa maumivu. Tezi za asidi zikifa, asidi hupungua. Asidi ikipungua, kuwaka nako kunaweza kupoa. Kwa hiyo mzee aliyeteswa na tumbo ujanani, ambaye siku hizi anasema amepona bila hata kidonge, huenda amepona kweli, na huenda utando wake umenyauka mpaka hauna tena cha kuwaka. Kwa nje hutamtofautisha. Metaplasia haiumi, na hata saratani changa ya tumbo mara nyingi haiumi, au huleta vichefuchefu na kushiba upesi kama tumbo la mtu yeyote.

Kidonda kiko wapi?

Hapa ndipo hesabu ya maumivu inapoharibika kabisa. Kidonda halisi kinaweza kuwa ndani ya mfuko wa chakula, au mbele kidogo, mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Vyote viwili huletwa zaidi na bakteria yule yule au na dawa za maumivu, na mtu wa kawaida hawezi kuvitenganisha. Saratani inavitenganisha. Katika utafiti wa Uswidi uliotolewa mwaka 1996, uliohusu wagonjwa zaidi ya 57,000 waliowahi kulazwa kwa vidonda, waliokuwa na kidonda ndani ya mfuko wa chakula walipata saratani ya tumbo mara 1.8 ya watu wa kawaida. Waliokuwa na kidonda cha utumbo mwembamba walipata mara 0.6, yaani pungufu kuliko watu wa kawaida.

Sababu ni mahali bakteria alipopiga kambi. Akikaa zaidi sehemu ya chini ya mfuko, karibu na mlango wa kutokea, huvuruga breki za asidi. Asidi humwagika kwa wingi na kuuchoma utumbo ulio mbele, huku sehemu ya juu yenye tezi za asidi ikibaki nzima. Akisambaa mpaka sehemu ya juu, huziua tezi zenyewe, asidi hushuka, na mlango wa mnyauko na metaplasia hufunguka. Ni bakteria mmoja mwenye njia mbili, na mtu akiingia ya kwanza, ya pili kwa kawaida inakuwa mbali naye.

Yule anayeamka saa nane za usiku tumbo likiwaka, akatafuta kiporo cha ugali ili apate usingizi, mara nyingi ndiye mwenye kidonda cha utumbo mwembamba. Ndiye anayeogopa kansa kuliko wote, na ndiye ambaye kansa ya tumbo iko mbali naye zaidi. Simwambii apuuze: kidonda hicho kinaweza kuvuja damu au kutoboka, na vyote viwili vinaua upesi kuliko saratani. Namwambia tu aogope kinachomhusu.

Kidonda cha ndani ya mfuko kina jambo lake jingine. Baadhi ya vinavyoonekana kuwa vidonda ni saratani tangu mwanzo, imejificha kwa sura ya kidonda. Ndiyo maana daktari akikiona kwa kamera inayopitishwa mdomoni mpaka tumboni hukata kinyama, na mara nyingi hutaka kukitazama tena baada ya wiki kadhaa za dawa.

Kuhusu uzito wa huyo bakteria, ushahidi ninaoukubali zaidi ni wa Japani, uliochapishwa mwaka 2001. Wagonjwa 1,526 walifuatiliwa kwa kamera kwa wastani wa miaka 7.8. Kati ya 1,246 waliokuwa na H. pylori, 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 wasiokuwa naye, hakuna hata mmoja. Na kati ya wale 275 waliokuwa na vidonda vya utumbo mwembamba, hakuna pia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limeshamweka bakteria huyu tangu 1994 kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lile lile la moshi wa sigara. Barry Marshall na Robin Warren, Waaustralia waliomgundua, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005; Marshall alikuwa amefikia hatua ya kumnywa mwenyewe ili watu waamini.

Ipo pia gastritisi isiyohitaji bakteria, pale kinga ya mwili inapozigeukia tezi za asidi. Hawa hupungukiwa vitamini B12, damu hushuka, miguu hufa ganzi, na hatari yao ya saratani ya tumbo iko juu. Kwetu haizungumzwi sana, ila mtu mwenye upungufu wa damu usioeleweka akumbuke kuiuliza.

Fumbo la Afrika na milima ya jirani

Sasa, kama watu 7 kati ya 10 wana bakteria huyu, kwa nini wodi zetu hazijajaa saratani ya tumbo? Swali hilo lilipewa jina la fumbo la Afrika mwaka 1992 na limewagawa wataalamu tangu hapo. Wapo wanaosema hakuna fumbo: kamera ni chache, wengi hufa bila kupimwa, na zamani wengi hawakufika umri ambao saratani hii hujitokeza. Naona wana hoja. Mgonjwa wa kijiji cha Uvinza aliyekonda, akatapika, akafa, nani aliyemwandika?

Lakini hoja hiyo haimalizi kila kitu. Kolombia kuna mji wa pwani, Tumaco, na mji wa milimani, Túquerres. Kote kuwili karibu kila mtu ana H. pylori, ila saratani ya tumbo milimani ni kama mara 25 ya pwani. Wa pwani wengi wana asili ya Afrika, na sehemu ya bakteria wao ina asili hiyo hiyo. Wa milimani wana asili ya wenyeji wa Amerika, huku bakteria wao wakiwa wa Ulaya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba madhara ni makubwa zaidi pale asili ya mtu na asili ya bakteria visipolingana. Mwenyeji na mgeni waliokaa pamoja vizazi elfu hugombana kidogo. Pia watoto wa pwani walikuwa na minyoo zaidi, na panya wa maabara wenye minyoo walipoambukizwa bakteria wa jamii hiyo, utando wao ulinyauka kidogo kuliko wa wenzao. Hakuna daktari atakayekuandikia minyoo, lakini inaelezea kitu.

Kwetu Kigoma habari hii ina mpaka wa karibu sana. Kwa miongo mingi madaktari wa Afrika Mashariki na Kati wamekuwa wakitaja nyanda za juu, kama Burundi, Rwanda na Kilimanjaro, kuwa na saratani ya tumbo zaidi ya mabondeni. Hali ya milimani na bondeni imeonekana pia Amerika ya Kusini. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kwenda Buhigwe na kuvuka mpaka, milima inapita mita 2,000. Bila shaka si mwinuko wenyewe unaoleta saratani. Ni vitu vinavyoishi pamoja nao: ukoo wa watu, aina ya bakteria, chakula na namna ya kukihifadhi.

Kuhifadhi chakula kunatuleta kwenye dagaa, maana lazima swali litakuja. Mkoa huu una samaki wa kukausha na una chumvi. Watu wa Uvinza wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa karne nyingi. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, katika tathmini yake ya 2018, iliviweka vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi kuwa sababu inayoelekea kuwa ya kweli ya saratani ya tumbo. Chumvi nyingi huuchubua utando na kumrahisishia bakteria kazi. Lakini tusimhukumu dagaa kwa kosa la mwingine. Tafiti hizo zilihusu zaidi mboga na samaki walioloweshwa chumvi huko Asia Mashariki, wanaoliwa karibu kila siku. Dagaa wa kuanikwa juani Katonga au Kibirizi bila chumvi hayumo kwenye kesi. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa chumvi mpaka umekuwa mweupe ndio wa kulowekwa, maji yakamwagwa, na usiwe kitoweo cha kila jioni.

Sigara nisingeipa ukarimu huo. Kwa wanaume wavutaji hatari ya saratani ya tumbo huwa juu kwa karibu asilimia 60, na tumbaku tunayo hapo jirani, Kaliua na Urambo, kwa bei ambayo haimzuii mtu.

Dawa, na namna watu wanavyozipoteza

Kinachoivunja njia ya Correa kwa uhakika ni kumuua bakteria, na mapema, kabla utando haujabadilika. Mnyauko mdogo unaweza hata kurudi nyuma baada ya matibabu. Metaplasia hairudi kirahisi, ingawa kutibu bado kunapunguza hatari.

Dozi iliyozoeleka ni ya antibiotiki mbili, kama amoksilini na klarithromaisini, pamoja na dawa ya kushusha asidi, kwa siku 14. Ni vidonge vingi, mdomo unakuwa mchungu, tumbo linaharisha. Siku ya sita maumivu yamekwisha, na mtu anaona amepona. Vidonge vilivyobaki anampa shemeji ambaye naye "ana vidonda". Hapo wote wawili wamefundisha bakteria kuzizoea dawa. Usugu kwa klarithromaisini umeongezeka sehemu nyingi duniani, na kwa metronidazoli, antibiotiki nyingine, barani Afrika ulikuwa mkubwa tangu zamani.

Kosa la pili ni la vipimo. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa mwili waliopambana na bakteria, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya vita kwisha. Kwa hiyo aliyemaliza dozi, akapima damu, akaambiwa bado anaye, akaanza dozi nyingine, huenda amemeza antibiotiki za bure. Cha kuthibitisha kupona ni kipimo cha choo kikubwa, kinachomtafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi mahali kilipo. Kifanyike angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na dawa ya kushusha asidi iwe imesimamishwa wiki 2, la sivyo kinaweza kumkosa akiwepo. Kabla ya kuisimamisha muulize aliyekuandikia, hasa kama umewahi kutoka damu.

Omeprazoli, dawa ya kushusha asidi inayonunuliwa duka la dawa kama pipi, inafanya kazi nzuri mno, na hapo ndipo tatizo lilipo. Inazima moto bila kumuua bakteria. Mtu anaimeza miaka mitatu, mchochota unaendelea kimya kimya, na kwa mwenye H. pylori asiyetibiwa matumizi ya muda mrefu yanaweza hata kuusogeza mchochota sehemu ya juu ya mfuko, ile tusiyoitaka. Inaweza pia kutuliza kwa muda dalili za saratani iliyokwisha kuanza.

Si kila mwenye kiungulia anahitaji kamera, na nauli ya Mwanza au Dar si jambo dogo. Asiyefaa kusubiri ni anayekonda bila sababu, anayetapika mara kwa mara au kutapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, chakula kinachokwama, damu inayopungua, au anayeanza tatizo la tumbo kwa mara ya kwanza ukubwani. Huyo aanzie Maweni, hospitali ya mkoa, asianzie kwenye chupa. Na akikatwa kinyama, aulize majibu yanasema nini kuhusu mnyauko, metaplasia na displasia, na vinyama vilitoka sehemu zipi. Vya sehemu ya chini na ya juu vyote vinatakiwa ili kujua mabadiliko yamesambaa kiasi gani. Miongozo ya Ulaya inashauri kurudia kamera kila miaka 3 kwa mwenye mnyauko au metaplasia iliyosambaa. Aliye na metaplasia kidogo, sehemu moja tu, kwa kawaida hahitaji ratiba hiyo, isipokuwa ukoo wake una historia.

Historia ya ukoo ina uzito wake. Mtu ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake alipata saratani ya tumbo ana hatari mara mbili mpaka tatu ya wengine. Korea walichukua watu wa namna hiyo wenye H. pylori, nusu wakapewa dawa za kumuua na nusu vidonge visivyo na dawa, wakawafuatilia kwa takriban miaka 9. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: saratani ya tumbo ilipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliopewa dawa. Walipohesabu upya kwa kuangalia nani bakteria alikufa kweli na nani alibaki naye, kwa waliopona walikuta wagonjwa 5 kati ya 608, na kwa waliobaki naye 28 kati ya 979.